Ukumbi ule ni wa nani?



Mwezi uliopita, pale kwenye bomba la maji, mama mmoja alitusimamisha akiwa na madumu yake mawili. “Ninyi si ndio wa ule ukumbi wa sinema? Ni wa shirika gani? Nina kijana wangu amekaa tu nyumbani, amemaliza S.4, nataka nimlete mumwandike kazi.” Tukamwambia ukweli: mama, ukumbi ule hauna shirika, na pale hakuna anayelipwa mshahara. Akatuangalia kama mtu anayefichwa kitu. “Haya, kama hauna mwenyewe, nani anashika ufunguo?”

Tulitaka kumjibu palepale lakini jibu halikuwa fupi, na maji yalikuwa yanamsubiri. Ndiyo maana tumeomba kurasa hizi mwezi huu.

Tulivyoanza

Ukumbi tunaousema ni ile nyumba ndefu ya miti na udongo karibu na soko, yenye mabati mbele na turubai nyuma. Mwaka 2014 ilikuwa stoo iliyoachwa, mbuzi wanalala ndani. Wengi wetu tulikuwa bado wageni hapa Uganda, tumevuka mpaka kwa sababu ya vita vya Kivu ya Kaskazini vya mwaka 2012 na 2013. Jioni vijana hawakuwa na pa kwenda isipokuwa vibanda vya video, na mnavijua vilivyo: picha za kupigana kutwa kucha, moshi wa sigara, na watoto wanaotoroka shule na pesa waliyotumwa chumvi.

Hatukuwa na wazo kubwa. Kwaya ilitafuta mahali pa mazoezi wakati wa mvua. Vijana wa Burundi walitafuta mahali pa kulaza ngoma zao zisipasuke kwa jua. Mwalimu mmoja alikuwa na projekta kuukuu aliyoachiwa na rafiki yake. Tulienda kwa mwenyekiti wa RWC, naye akatupeleka kwa komandanti, tukapata barua yenye muhuri. Kisha tukahamisha mbuzi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko barua, kwa sababu mbuzi wana wenyewe.

Wazee wetu wa Kongo hawakushangaa kuona picha zinatembea juu ya shuka. Walitukumbusha sinema za mapadri kabla ya uhuru, na wachekeshaji Matamata na Pilipili katika filamu za Padri Albert Van Haelst miaka ya 1950. Wala hatukuwa wa kwanza kufanya jambo hili ukimbizini. FilmAid walianza mwaka 1999 na wakimbizi wa Kosovo, na mwaka 2001 wakafika Kakuma kule Kenya, wakawa wanaonyesha filamu nje usiku, umati umekaa chini kwenye vumbi. Tena kuna habari iliyotupa moyo zaidi, maana ni ya watu wetu wenyewe: Yolé!Africa ilianzishwa mwaka 2000 hapahapa Uganda na Petna Ndaliko Katondolo, kijana wa Kongo aliyekuwa mbali na kwao, na baadaye ikahamia Goma ikawa nyumba ya sanaa na ya tamasha la filamu. Kitu kilizaliwa ugenini, kikabebwa kurudi nyumbani. Sisi hatujabeba chochote bado, lakini tunaijua njia ile.

Usiku wa bunduki

Katika mwezi wa tatu tulifanya kosa ambalo hatutalisahau. Tulionyesha filamu ya vita. Vijana walikuwa wameiomba, na tulijua itajaza ukumbi. Hatukuwa tumeitazama kwanza. Haikupita robo saa, milio ya bunduki ikatoka kwenye spika, na gizani tukasikia mtoto analia kilio ambacho mtu hakilii kwa sababu ya picha. Mama yake alikuwa ameshalala chini, amemfunika kwa mwili wake. Wengine walikimbilia mlangoni wakaangusha mabenchi. Tukazima mashine, tukawasha taa ya simu. Yule mama aliinuka, akajipangusa udongo kwenye kitenge, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Hakuna aliyetulaumu usiku ule. Ingekuwa afadhali watulaumu.

Tangu hapo tuna sheria moja isiyo na msamaha. Filamu haionyeshwi mpaka watu watatu wameiangalia, na mmoja wao lazima awe mama mwenye watoto. Wanaiangalia mpaka mwisho, maana mabaya mengi yanakaa mwishoni. Wanaandika kwenye daftari: kuna bunduki? Kuna nyumba inaungua? Kuna mambo ya chumbani? Mtoto wa miaka mingapi anaweza kukaa? Vijana walinung'unika, wakasema tunawageuza watoto wa chekechea. Baadhi walirudi kwenye vibanda na hatukuwafuata. Ukumbi mdogo hauwezi kumpendeza kila mtu, na kusema kweli kibanda kina kazi yake.

Sasa tuonyeshe nini? Hapa ndipo tulipojifunza mengi. Tulijaribu “Kirikou na mchawi”, filamu ya katuni ya Michel Ocelot ya mwaka 1998, juu ya mtoto mdogo kabisa wa kijiji cha Afrika anayewashinda wakubwa kwa kuuliza maswali. Watoto waliitazama mara nyingi hata wakawa wanayasema maneno kabla ya Kirikou mwenyewe. “Queen of Katwe” ya Mira Nair, ya mwaka 2016, iliwagusa wasichana, kwa sababu Phiona Mutesi ni mtu wa kweli na Katwe ni mtaa wa Kampala ambao wengine wetu tumewahi kulala. Baada ya filamu ile tulichongewa sataranji mbili za mbao, na mpaka leo zinachezwa mchana pale mlangoni. Farasi mmoja alipotea, badala yake kuna kizibo cha soda.

Lakini rafiki yetu mkubwa ni Charlot, yule Waingereza na Wamarekani wanamwita Charlie Chaplin. Filamu zake za mwanzo hazina maneno. Hapa kambini, kwenye benchi moja utakuta Mnyabwisha, Mbembe, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali, na wote wanacheka dakika ileile. Tena zile za zamani sana, kule Marekani zilikotengenezwa, muda wa haki za mwandishi umeshakwisha, kwa hiyo hatuogopi kwamba kuna mtu tunamwibia. Kwa filamu za siku hizi tunaandika barua kuomba ruhusa. Wengine wanajibu vizuri sana, wengine hawajibu, na ambaye hajajibu hatuonyeshi kazi yake.

Kuna moja ya mwaka 1917, “The Immigrant”, kama dakika ishirini na kitu tu. Charlot yuko melini na watu maskini wanaokwenda Amerika. Meli inayumba, sahani zinateleza, ukumbi mzima unacheka kwa kupiga mapaja. Kisha wanaiona ile sanamu ya Uhuru ya New York, na mara hiyohiyo wakubwa wa meli wanawafungia kamba abiria wote pamoja kama ng'ombe. Mara ya kwanza tulipoionyesha, kicheko kilikatika kama kimepigwa panga. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, “Ah! Kumbe hata wao walipangishwa mstari.” Ukumbi ukacheka tena, lakini kicheko kingine.

Mtafsiri, mashine na daftari la pesa

Filamu zenye maneno zinahitaji mtafsiri. Uganda ina mafundi wake wa kazi hii, wale wanaoitwa VJ, na wazee wa Dar es Salaam wanamkumbuka Lufufu, ambaye kwa sauti yake filamu za China na za Amerika zilizungumza Kiswahili. Sisi tunaye dada mmoja muuza nyanya. Mchana anaita wateja sokoni, jioni anashika kipaza sauti. Mwanzoni alikuwa anatafsiri neno kwa neno akachelewa, picha zikamkimbia. Siku hizi anasema kiini tu, na pale waigizaji wanapokaa kimya naye anakaa kimya. Hilo la kukaa kimya lilimchukua mwaka mzima kujifunza, na watafsiri wengi hawalijui. Kinyarwanda anamwachia kijana mwingine, wanapokezana kama watu wanaotwanga kinu kimoja.

Upande wa mashine tulilipa ada ya ujinga. Projekta za balbu zina feni ndani. Ukimaliza filamu usichomoe waya. Bonyeza kuzima, halafu subiri feni izunguke mpaka inyamaze yenyewe, balbu ipoe. Sisi tulikuwa tunazima jenereta ghafla ili kuokoa petroli. Balbu ambayo ingekaa saa 3000 au zaidi ilikufa katika muda mfupi, na mpya tuliitafuta mpaka Mbarara tukaikosa, ikabidi iagizwe Kampala. Kwa miezi mitatu ukumbi ulikuwa na ngoma na kwaya tu. Petroli tuliyookoa haikutosha hata nauli ya kufuata balbu. Leo tunatumia projekta ya taa za LED na betri ya sola. Haina mwanga mkali, kwa hiyo hatuanzi kabla ya saa moja na nusu, giza likishaiva. Kichujio cha vumbi kinasafishwa kila Jumatatu kwa brashi laini ya rangi. Anayekisafisha anatia sahihi.

Na pesa? Watoto hawalipi. Wakubwa wanalipa shilingi 500, na asiyekuwa nayo anaingia baada ya dakika kumi bila kuulizwa. Tulichagua dakika kumi makusudi, ili asisimame mlangoni mbele ya jirani zake. Kiingilio peke yake hakilishi ukumbi. Kinachotulisha ni harusi, mikutano na kuchaji simu mchana. Kila shilingi inaandikwa kwenye daftari, na daftari linaning'inia kwa kamba ukutani, mtu yeyote anaweza kulifungua. Kuna wanaolifungua kila wiki. Tunawashukuru, ingawa wengine wanatuchosha.

Jambo moja la wazi: milango ni miwili na wakati wa filamu yote haifungwi kwa kufuli. Turubai na waya wa umeme ni majirani wabaya. Na onyesho likiisha, watu wanaondoka kwa makundi ya mtaa kwa mtaa, akina mama katikati, wenye tochi mbele na nyuma.

Wanaokwenda na wanaobaki

Sasa turudi kwenye swali la yule mama.

Kuendesha ukumbi wa kujitolea ni kazi popote, lakini kambini kuna shida ambayo hatukuiona mwanzoni: kila mtu anasubiri kuondoka. Unamfundisha kijana mashine kwa miezi sita, kesi yake inaitwa, anapanda basi alfajiri. Unamfundisha mwingine. Tuna watu wetu Kanada, Australia, Norway, Marekani. Tunawafurahia, tunawapigia ngoma siku ya kuaga, halafu kesho yake hakuna anayejua waya mwekundu unaingia wapi.

Dada mmoja wetu aliyehamia Uingereza alitutumia ujumbe wa sauti mrefu. Alituambia kwamba Newcastle kuna sinema inaitwa Star and Shadow, inaendeshwa na watu wa kujitolea tangu mwanzo: wao ndio wanaopanga filamu, wanaouza tiketi, na hata jengo lao la sasa walilitengeneza kwa mikono yao kabla ya kulifungua mwaka 2018. Mambo yanaamuliwa kwenye mkutano, na anayekuja mkutanoni ana sauti. “Ni kama ukumbi wetu,” alisema, “ila hapa kuna baridi.” Tulifurahi sana. Lakini tulimjibu hivi: mtu wa huko anatoka kazini, anakula, ndipo anajitolea. Wa huku anajitolea kabla ya kula. Tangu Julai 2023, WFP ilipoanza kugawa familia katika makundi matatu, wengine posho pungufu, wengine hawapati kabisa, wenzetu kadhaa walituacha wakaenda kulima kwa watu. Tungewazuiaje? Tulikubaliana kwamba kila anayefanya kazi siku ya onyesho apate uji na chapati kutoka pesa za harusi. Kuna waliosema kwamba huko si kujitolea tena. Tulibishana jioni mbili. Chapati ikashinda.

Halafu ikaja Januari 2025.

Kijana wetu wa mashine, aliyekuwa nasi tangu siku ya mbuzi, alikuwa amepata tarehe ya ndege ya Marekani. Miaka tisa alikuwa akisubiri. Aliuza godoro, akagawa sufuria, kuku akawapa majirani. Jumapili, mbele ya watu wote, kwaya inaimba, akautoa ufunguo shingoni akamvika msichana wa miaka 19 aliyekuwa akimfundisha. Watu walilia. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump akatia saini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Ya kijana wetu ikiwemo.

Alirudi kwenye nyumba isiyo na godoro. Siku chache baadaye tulimkuta amekaa kwenye jiwe nje ya ukumbi, hataki kuingia. Tukamwita. Akasema, “Mimi nimeshaaga.” Msichana akatoka, akauvua ufunguo, akamnyooshea kwa mikono miwili kama mtoto anavyompa kaka yake mkubwa. Akakataa. “Nimekupa mbele za watu. Nikichukua tena, nimekuwa mtu gani?”

Tukaitisha mkutano. Wengine walisema arudishiwe, yeye ndiye anayejua. Wengine walisema dada amepewa kwa halali, na tukimnyang'anya kwa sababu ni msichana na ni mdogo, tuseme hivyo waziwazi tusijifiche nyuma ya huruma. Maneno yalipanda. Mzee mmoja wa kwaya, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza kufuli moja ni bei gani. Hatukumwelewa. Akaendelea: “Nunueni ya pili. Mlango mmoja, kufuli mbili, funguo kwa watu wawili. Mmoja akisafiri, mwingine anajua. Na mmoja akitaka kuingia usiku kuchukua spika, itabidi amwamshe mwenzake.”

Ndivyo tulivyofanya. Kufuli ya pili ilinunuliwa sokoni jioni ileile. Ya kwanza anayo yule msichana. Ya pili hatukumpa kijana, yeye mwenyewe aliomba apewe yule dada muuza nyanya. Yeye anakuja kufundisha, wiki nyingine haji. Hatumtumi mtu kumwita. Siku za kwanza alikuwa anakaa nyuma kabisa na koti limefungwa kama msafiri, sasa anakaa pembeni ya mashine. Godoro tulimchangia, na hilo pia liko kwenye daftari.

Kufuli mbili zinasumbua, tusidanganyane. Mara mbili tumewahi kuwaweka watu nje kwenye mvua kwa sababu mwenye ufunguo mmoja alikuwa amekwama sokoni. Lakini kila kazi sasa ina watu wawili: mashine wawili, daftari wawili, mlango wawili, na mmoja wao siku zote ni mgeni anayejifunza. Tumeandika pia kwenye karatasi ngumu, kwa Kiswahili na kwa michoro, jinsi ya kuwasha na kuzima kila kitu. Waya mwekundu una mchoro wake peke yake.

Mama wa madumu mawili, kama unasoma au unasomewa: kijana wako alikuja. Alitegemea kupewa mashine, tukampa ufagio, akanuna Jumamosi mbili. Ya tatu alifika kabla yetu. Njoo umwone, kiingilio chako tumeshakisamehe.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa alasiri, ni Kirikou kwa watoto, na wakubwa wanaowaleta wakae nao. Baada ya hapo ngoma za Burundi uwanjani, na saa moja na nusu usiku tunaanza na Charlot wa melini, kisha filamu fupi mbili ambazo vijana wetu wamepiga wenyewe kwa simu, moja juu ya foleni ya bomba. Leteni mikeka, mabenchi hayatoshi. Na fundi cherehani yeyote mwenye nusu saa tunamwomba apite kabla ya hapo. Shuka letu limepasuka upande wa kushoto, na Charlot akinyoosha mkono kule, unaishia ukutani.